Mia na Thelathini

Saa kumi na moja alfajiri, Muheza haipo.
Ukungu umemeza michungwa, reli, minara ya simu,
hata taa za hospitali nilikotoka zamu jana.
Kilichobaki ni Mlinga peke yake,
kisiwa cha mwamba katika bahari isiyo na chumvi.

Shemweta akaza kamba za viatu mara mbili.
"Njia ya wageni iko kule," asema,
akionyesha kwa kidevu pahali ambapo hatuendi.
Alikuwa mshika mnyororo wa wapimaji ardhi,
mwaka ambao shilingi ilikuwa bado na uzito mfukoni.
Watu husema alibeba darubini ya kupimia
mgongoni, hadi kileleni, kwa upande huu huu.
Yeye hajawahi kusema.

Sikuja mgeni. Nimelala Shagayu mvuani,
nimetoka Nilo na kupe hamsini kiunoni,
nimeshuka Magamba usiku kwa mwanga wa simu inayokufa.
Lakini hapa ardhi imesimama wima
kama mtu aliyetukaniwa mama.

Kwanza iliki, harufu yake kivulini.
Kisha upupu. Kisha mizizi, ngazi ya mlevi.
Kisha hakuna kisha:
jiwe, kuvu, maji yanayochuruzika bila haraka,
na vidole vyangu vikipapasa pa kushika
kama vinavyotafuta mshipa
kwenye mkono wa mtoto anayelia.

"Usiuamini mti mwembamba," asema.
"Mnene pia usiuamini. Uulize kwanza."
Autikisa. Wang'oka, wanipita sikioni,
nausikia ukianguka, bado unaanguka,
hadi nachoka kusikiliza.

Saa nne twafika kwenye bamba la jiwe,
upana wake kitanda cha wodi.
Goti lake limevimba kama embe bolibo.
Nalibinya. Atazama pembeni.
"Niachie chai. Wewe nenda, mimi nitahesabu."

Nikafunga kamba ya katani kiunoni, nikaenda.
Ukungu ukapanda nyuma yangu, ukanizidi mbio.
Sikuona hata kucha zangu. Nilisikia:
"Kumi na saba, kushoto! Pana ufa, tia ngumi!"
Palikuwa na ufa. Nikatia ngumi.
"Arobaini! Jiwe jekundu ni mwongo, lipite!"
Nikalipita. Likabingirika nyuma yangu, mwongo kweli.
"Themanini na mbili. Pumua."
Miaka yote hiyo, na mlima haukuwa umesogea
hata shubiri moja kichwani mwake.

"Mia na thelathini," alisema,
kisha sauti ikakatika.

Niliita. Mbega akajibu, si yeye.
Muuguzi huvijua vimya kwa majina:
cha usingizi, cha dawa, na kile kingine.
Juu yangu palikuwa peupe kidogo,
upepo ulinuka uwazi, ulinuka karibu.
Mguu mmoja ulishapanda.
Nikaurudisha.

Kushuka kulinila ngozi ya viganja viwili.
Nikamkuta ameketi vile vile,
kifuniko cha chupa mkononi, chai imepoa.
"Kwa nini ulinyamaza?"
"Nilisema basi. Hukusikia."
Akamwaga chai kwenye majani.
"Hapo ndipo Bwana Mpima alinivua mzigo.
Akaniambia, wewe ngoja hapa.
Zilizobaki sizijui mimi."

Hatukuongea tena hadi kwenye iliki.
Sehemu nyingine tulishuka kwa makalio,
yeye akiguna, mimi nikimshika mkanda,
na Muheza ikirudi vipande vipande:
mnara, bati, treni ya mizigo isiyo na haraka,
mtu anauza machungwa kama hakuna lililotokea.

Wengine huniuliza kama Pemba inaonekana kutoka juu.
Nawajibu sijui.

Jumatatu alikuja wodini na goti lake.
Nilipomfunga bendeji akainama,
akauliza polepole, kama mtu anayeulizia deni:
"Vuli huisha lini, siku hizi?"