Kilo Nne na Robo

Mimi ndiye niliyempimia.
Keko, nyuma ya gereji ya Makwaia,
mia nane kilo, hakuna mapatano:
springi za kitanda, rejeta mbili za lori,
mapipa yaliyopasuka matumbo,
sufuria lisilo na kitako.
Tusekile alichagua kama anayenunua nyanya,
anagonga, anatega sikio, anarudisha.
"Hili limenyamaza. Nipe lile linaloitika."
Chande, kijana wangu, akanikonyeza.
Chuma ni chuma, bosi. Kinaitika vipi?

Miezi saba grainda yake ililia ng'ambo ya mfereji.
Luku ikiisha, analia yeye, au anacheka,
kwa mbali huwezi kujua.
Watoto walipanda ukuta kutazama cheche.
Mama Sikitu akahamisha meza yake ya chapati:
yule anaunda jini, mimi simo.
Nikapita siku moja, dude lina magoti.
Nikapita tena, magoti hayapo,
ameyakata, ameyatia kwenye ndoo.
"Mbona yalikuwa mazuri?"
"Ndiyo maana," akasema, akashusha miwani.

Siku ya ufunguzi, Upanga,
ukumbi una feni tano na juisi ya ukwaju ya bure.
Nimevaa shati la harusi ya mdogo wangu.
Mwanamke wake wa chuma ameketi sakafuni,
mikono imefunika mapaja,
shingo imekomea hewani.
Hana kichwa.

Basi watu wakaanza.
Bwana mmoja, kofia kaiweka upande,
akaeleza kwamba pale pasipo kichwa ndipo ulipo mji,
mji unaotuwazia wenyewe tukiwa tumelala.
Binti akampinga: huyu ni mama zetu,
nani aliwahi kuwauliza wanawaza nini?
Mchungaji alitazama mara moja, akaifuata juisi.
Mwingine akauliza, hii rangi ni ya kampuni gani?
Akaambiwa ni kutu.
Akatoa leso, akajifuta vidole, wala hakuwa amegusa.

Mtoto akazunguka nyuma, akakanyaga kiti,
akachungulia shingoni:
"Hodi!"
Na ndani, chini kabisa, kikaitika.
Nikamtafuta Chande kwa macho.
Alikuwa anatazama viatu vyake.

Mama mmoja mtu mzima alisimama mbele ya lile sufuria,
sasa ni nyonga, au ni tumbo, sijui,
akasimama hata feni zikamchosha mtangio wake.
"Tulipikia la namna hii msibani kwa baba."
Hakuongeza. Alipoondoka
aliipungia mkono, kama mtu anayemwacha mgonjwa wodini.

Bei imeandikwa kwenye kadi ndogo: milioni tisa.
Nikapiga hesabu, siwezi kujizuia.
Kilo mia na arobaini:
laki moja na elfu kumi na mbili.
Zilizobaki zote ni za nini?
Za magoti, nadhani. Yale ya kwenye ndoo.

Wakamwuliza, kichwa kiko wapi?
Akanywa juisi. "Mmeshasema vizuri kuliko mimi."
Kisha akanitazama.

Sikusema.
Alikileta alfajiri, siku tatu nyuma,
ndani ya gunia la mkaa,
akakiweka mizanini mwenyewe.
Kilo nne na robo.
Akapokea elfu tatu na mia nne, akazihesabu,
akaniomba na nauli ya bajaji.
Kilikuwa na uso. Huo ndio ubaya wake, alisema,
wangeutazama huo tu, wakaenda zao.

Lori la kiwandani huja kila Ijumaa kuzoa chakavu.
Ijumaa mbili zimepita.
Chande amekisogeza nyuma ya matairi,
eti kisinyeshewe. Chuma!
Wateja wakifika pale hupunguza sauti.
Juzi mmoja alibishania bei ya rejeta,
akapandisha, akashusha, akaapa kwa marehemu bibi yake,
akageuka, akakiona,
akalipa.