Kiti cha Nyuma

Nimepewa kiti cha nyuma, karibu na dirisha,
na fomu yenye visanduku kumi na viwili.
Ghorofa ya tatu, Islii, juu ya duka la mapazia;
chini yetu cherehani inakwenda, inakoma, inakwenda.
Mwalimu Nasimiyu anapuliza vumbi kwenye spika.
"Kalamu chini," anasema. "Masikio kwanza."

Kisha Waingereza wawili wanaingia darasani bila miili,
mwanamume na mwanamke, kwenye stesheni ya baridi,
wanaulizana habari za treni.

Sijamwambia mtu: sikio langu la kushoto
lilikufa mwaka wa surua, nikiwa darasa la tatu.
Kwa hiyo mimi, mkaguzi wa usikivu,
nasoma nyuso.

Gadise ameinamisha kichwa kama anayesikiliza
chungu kikianza kuchemka chumba cha pili.
Nyakueth anatafuna kifuniko cha kalamu.
Idil anahesabu kwa vidole chini ya dawati.
Na Paluku, aliyekuwa fundi wa redio Butembo,
amefumba macho kabisa.
*Mwanafunzi yuko makini?*
Nimeandika hapana.
Nimefuta.

Swali la tatu: treni inaondoka saa ngapi?
"Saa kumi na robo," anajibu Gadise,
Kiingereza chake kikipita taratibu, kama mguu juu ya mawe ya mto.
Kitabu kinasema nne na robo.
Gadise anatazama jua lilivyoegemea matangi ya maji ya jirani.
"Kwetu, hiyo ni kumi."

Na kwetu pia, Gadise.
Miaka hamsini mshale unanionyesha nne
nami nasoma kumi,
natafsiri mkono wangu mwenyewe
bila hata kujua ninafanya kazi.

Sauti inarudiwa. Adhana inapita juu yake,
pikipiki inapita, mtu ananadi mashuka.
Wanainama wote kwa pamoja
kama watu wanaopita chini ya kamba ya nguo.

"Kuna swali?"
Paluku anafumbua macho.
"Ule mama," anasema, kwa Kiswahili chake cha Kongo,
"alikuwa analia. Mbele ya kusema aksanti."

Mwalimu anafungua ukurasa wa majibu.
Kuna bei ya tiketi, kuna namba ya jukwaa.
Kilio hakimo.
Anarudisha nyuma, anaongeza sauti.
Cherehani, kwa ukaidi wake, haikomi.
Nageuza shingo, natoa sikio langu zima,
na sipati kitu, mkwaruzo tu, na upepo wa spika mbovu.

Lakini Idil ameziba mdomo kwa kiganja.
Nyakueth ameacha kutafuna.

Kisanduku cha mwisho kinadai maoni.
Naiacha fomu dirishani, nanyanyua kiti
(hapana, nakiburuta, kinapiga kelele sakafu nzima)
hadi mbele, kushoto kwa Paluku,
sikio zima likielekea spika.

"Weka tena, mwalimu," nasema.
"Pale kabla ya asante."