Peku au Mchuchumio

Reet ametupa hadi Ijumaa.
"Andika kwenye karatasi," kasema, "peku au mchuchumio,
nijue nani nimtandikie mkeka, nani nimfutie sakafu mara mbili."
Wenzangu waliandika papo hapo,
karatasi wameiegemeza kwenye nguzo.
Mimi nilirudi nayo nyumbani, tupu,
mfukoni mwa koti, pamoja na risiti ya gundi ya vigae.

Mimi ni fundi wa vigae, hapa Tartu.
Kutwa niko magotini katika mabafu ya watu,
miguu imo ndani ya buti zenye ncha ya chuma.
Miaka kumi na tisa. Nyayo zangu nyeupe
kama kitu kilichosahauliwa chini ya ndoo.
Kidole kidogo cha kushoto hakina ukucha:
kigae kiliniangukia Pärnu,
siku moja tu niliyoziacha buti garini.

Peku, naijua nguzo.
Januari ina baridi, hukung'ata kwanza halafu hukukubali;
ngozi na chuma vikabishana, vikapatana,
na nikikwea najua nilipo
kama kipofu ajuavyo kitasa cha mlango wake.
Peku siongopi.
Wala sirefuki.

Na viatu?
Nilivinunua kwa Virve, kwa euro ishirini na mfuko wa viazi.
Plastiki angavu. Kisigino nilikipima kwa rula ya kazi:
sentimita kumi na nane, kasoro nywele.
Virve alivivaa miaka sita, Helsinki, zamu ya usiku,
akanunua jiko, akamsomesha mwanawe hadi mwisho.
"Usivione vya mchezo," aliniambia, akivifuta kwa kitambaa.
"Hivi ni vya kazi, kama buti zako."
Ndani, vidole vyake vimeacha vishimo vitano vyeusi-vyeusi,
na kile changu kisicho na ukucha
kimeingia katika cha kwake kana kwamba kilipimwa.
Nilidhani vitanisitiri.
Kiatu kama gilasi kinamsitiri nani?

Wanasema njia mbili zilimshinda fisi.
Fisi alikuwa na miguu minne, jamani,
na hakuna aliyemwambia achague kabla ya Ijumaa.
Wanasema mchagua jembe si mkulima.
Haya, nipeni moja nilime!

Kaidi, binti wa miaka ishirini na miwili,
ananiambia peku ni sanaa, mchuchumio ni...
Hakumalizia. Alitazama dirishani, theluji.
Nilimalizia mimi, moyoni,
na neno lile likaangukia juu ya Virve na kitambaa chake.
Hapo ndipo nilipoanza kukasirika.

Alhamisi usiku, jikoni.
Vigae hivi nilivitandaza mwenyewe, mwaka ule wa talaka.
Nimefunga kamba. Nimesimama,
nikaona juu ya kabati: vumbi,
na bisibisi niliyoitafuta tangu Pasaka.
Kisigino kikagonga: ko. Kigae kimeshika.
Ko. Kimeshika.
Karibu na friji: kou, sauti ya mtungi mtupu.
Gundi haikufika pale. Miaka minane nimepita juu yake peku,
nabeba chai, nabeba nguo za kufua,
wayo haukuniambia kitu.

Chini yangu Heino akachukua ufagio,
akagonga dari lake mara tatu.
Saa tano na nusu. Ana haki.

Nilivua kimoja. Nikabaki hivyo,
mguu mmoja Helsinki, mmoja Tartu,
nyonga imepinda kama rafu iliyofungwa na mlevi,
karatasi ya Reet iko mezani, kikombe kimeichora duara.

Kisha nikakivaa tena
nikamjibu Heino. Mara mbili tu,
kwa adabu,
kwa kisigino.