Mizani

Kazi yangu ni mizani. Miaka kumi na tisa sasa
nazunguka Altoona, buchani, maghalani, vituo vya mafuta,
na sanduku la mawe ya shaba yaliyolala kwenye mahameli.
Naweka jiwe sahanini, nasubiri mshale utulie.
Ratili ni ratili. Machi ni ratili, Juni ni ratili,
kwa Hollenbach muuza soseji na kwa mjane muuza peremende.
Ikilingana, karatasi ya kijani. Isipolingana, nyekundu.

Ijumaa binti yangu Corinne aliweka simu mezani,
kati ya kichupa cha chumvi na bili ya umeme.
"Baba, Machi nilikosa matano ya hesabu,
wakanipa mia saba na arobaini.
Juni nimekosa mawili.
Wamenipa mia saba na kumi."

Nikavaa miwani. Nikaivua.
Nikasema wamekosea, Jumatatu nitawapigia.
Akacheka kicheko cha mtu aliyekwisha kulia.
"Hawajakosea. Mtihani wa Juni ulikuwa rahisi."

Akageuza bahasha ya bili, akachora mlima.
Mtihani ukiwa mgumu, alisema, wengi huteleza,
kwa hiyo kosa lako huwa jepesi, unakaa njiani, unapumzika.
Ukiwa rahisi, wote wamepanda, kilele kimejaa,
na anayejikwaa hapo hana pa kushika,
ni poromoko hadi chini.
Mstari huo wanauita mkunjo.
Niliutazama mkunjo wa kalamu yake
nikaona mundu.

Tulifundishwa kuteleza si kuanguka.
Aliyesema hivyo hakufanya mtihani wa Juni.

Swali la ishirini na mbili analikumbuka neno kwa neno,
kama mtu anavyokumbuka tusi.
Alitafuta x, akaipata: saba, saba safi kabisa.
Wao walitaka x mara mbili.
Na saba ilikuwepo palepale, jibu la kwanza,
imetegwa kama jibini kwenye mtego wa panya.
Hakukosa hesabu. Alikosa pumzi moja ya kusoma tena.
Chuo cha Pittsburgh hulipa nusu ya karo
kwa elfu moja mia nne na hamsini.
Yeye ana elfu moja mia nne na arobaini,
na hawachanganyi siku mbili; nimeshauliza.

Usiku sikulala. Mke wangu Noreen alikoroma, mimi nikawaza:
huenda nao ni wakaguzi kama mimi,
wanahangaika alama ya Juni iwe sawa na ya Machi,
asipunjwe wa siku ngumu, asipendelewe wa siku nyepesi.
Huenda hiyo ndiyo haki yenyewe.
Lakini jiwe langu la shaba
halijawahi kuuliza jirani yake ana uzito gani.

Jumatatu, mizani ya Hollenbach ilizidi nusu wakia.
Kwa kawaida huwa namkanya, tunaongea besiboli, naondoka.
Nikabandika nyekundu.
"Kwa nusu wakia, Wasko?"
"Kwa nusu wakia."
Nilikaa garini dakika kumi, injini imezimwa.
Kisha nikarudi, nikaibandua kwa ukucha,
nikamwambia airekebishe kufikia Alhamisi.
Hakuniuliza lolote. Alinifungia soseji mbili, nikazikataa.

Corinne amejiandikisha tena, Agosti.
Jioni ilikuwa zamu yake kuomba kabla ya chakula.
Akashukuru kwa viazi, akamwombea bibi yake na goti lake,
akanyamaza kidogo, halafu:
"Na mtihani, Bwana, uwe mgumu.
Uwe mgumu kwa kila mtu."
Noreen akafumbua jicho moja.
Mimi nikasema amina, kwa sauti,
na viazi vikiwa vinapoa mbele yangu nikaanza kujiuliza
huyo kila mtu ni mtoto wa nani.