Jembe Moja, Halikurudi

Miaka thelathini na moja nilisoma mita za maji Ngamiani,
barabara hata barabara, huko ambako
njia hazina majina, zina zamu.
Mbwa walinijua kwa harufu ya buti.
Wenye madeni walinijua kwa kikohozi.

Nyumba moja tu, Barabara ya Kumi na Saba,
mita yake haikuwahi kunywa:
sifuri sifuri sifuri nne, mwaka nenda, mwaka rudi.
Ofisini wakasema, wizi huo. Nikaenda kukagua wizi,
nikaonyeshwa kisima.
"Sisi tunakunywa cha babu," alisema Bi Mwanatumu,
na pale kwenye mdomo wa kisima, katika saruji,
palichorwa kwa kijiti kabla haijakauka:
2216.

Nani alichimba?
Mjomba mtu: babu alikuwa mwana wa jumbe,
alikuja na watu arobaini na ngoma mbili.
Shangazi mtu: ngoma tatu.
Na ile namba? Hesabu ya ndoo za mchanga.
Hapana, hesabu ya nyota, usiiguse.
Kijana wa nyumba alishawahi kuipigia simu. Haikuita.

Nikastaafu. Wenzangu walinunua kuku wa mayai.
Mimi nilinunua daftari la kurasa mia mbili,
penseli, maana wino hauombi radhi,
na miwani ya mtumba
iliyomfaa marehemu fulani kuliko mimi.
Mke wangu akasema, "Mhando, wafu hawalipi ankara."
Kweli. Lakini nao hawakufungii geti.

Nilianza vibaya. Niliuliza maswali yenye majibu tumboni,
watu wakanirudishia majibu yangu, na chai juu.
Niliandika "bila shaka" mara kumi na tisa.
Nimezifuta zote. Pale karatasi imekonda,
ukiinyanyua juani unasoma ukurasa wa pili.

Kisha Kwamsege, shamba la mkonge lililokufa:
ofisi haina paa, popo ndio makarani.
Chini ya singa kuukuu, madaftari matatu;
mchwa wamekula masika yote, wamebakiza kiangazi.
Nikasoma kama nilivyozoea, namba kwanza,
kidole chini ya mstari.
2213, kafa.
2214, homa.
2215, kafa.
2216, Mlelwa, wa Njombe, katoroka.
Jembe moja, halikurudi. Shilingi mbili na nusu.

Nikakaa chini, juu ya mavi ya popo,
na suruali yangu ya Ijumaa.
Manamba.
Mtu aliyeitwa kwa namba hadi akajua kuiandika,
na siku alipopata kitu chake cha kutia sahihi
akatia hiyo.
Labda.
Nimeandika labda.

Siku nane sikupita Kumi na Saba.
Ngoma tatu za watu unazirudishaje ukumbini
zimepasuka?
Siku ya tisa Bi Mwanatumu alinisikiliza
huku anachambua mchele.
Hakunyanyua uso kwa jumbe, wala kwa wale arobaini.
"Jembe lenyewe lipo," alisema. "Linazuia mlango wa kuku."
Akatupa kijiwe. Akatupa kingine.
"Anadaiwa ngapi?"
Nikamtajia.
Akafungua pindo la khanga, akatoa mia mbili,
akaiweka juu ya daftari langu.
Nikamwambia kampuni ilishakufa, hakuna wa kupokea.
"Si wewe uliyekuwa ukileta ankara hapa?
Andika limelipwa."

Penseli ikagoma. Nisiloliona kwa macho
sikuzoea kuliandika, hata nilipokuwa na njaa ya kurudi nyumbani
na mita iko nyuma ya mbwa.
Lakini sarafu nayo ilikuwa pale, inang'aa,
ina uzito wake.
Nikaandika, chini ya mstari wa jembe, polepole:
*Mjukuu wake anasema limelipwa.*
Tarehe. Saa nne asubuhi.
Nilipewa maji. Yalikuwa ya baridi.