Hatujaonana

Sijui sura zao.
Najua bomba linalojaza mtungi kwa kwikwi:
basi maji yamerudi Kayole, naye amejifungia bafuni
ili sauti yake ipotee ndani ya sauti ya maji.
Najua adhana ya Eastleigh. Ikianza,
anayenong'ona hunyamaza,
si kwa ibada tu: bwana ameamka.
Najua garimoshi la Donholm, jenereta za Pipeline,
mbwa wa Karen. Ndiyo, Karen pia.
Ua mrefu haujawahi kuzuia kofi.

Mji huu nimeusoma kwa masikio,
ghorofa ya nne, nyuma ya Barabara ya Ngong,
chai imeganda utando,
taa nyekundu ya simu inapepesa.

Swali langu la kwanza ni lile lile kila usiku:
"Uko mahali unapoweza kuzungumza?"
Wengine hukata papo hapo.

Julai, baridi ile ya kupenya mifupa,
mmoja alipiga, asiseme neno. Dakika saba.
Nilisikia pumzi, na kijiko
kikikoroga kitu kisichohitaji tena kukorogwa.
Nikamwambia, nipo.
Baadaye nikamwambia, bado nipo.

"Jina ni lazima?"
Si lazima.
"Basi andika Mwongeli. Si langu.
Ni la shangazi aliyemmwagia mumewe uji."
Akacheka, akalia, sijui kilichotangulia.

Mambo aliyataja kama mtu aliyetumwa dukani:
mbavu, jino, simu iliyovunjwa,
kitambulisho kilichofichwa.
Kisha akafika pale,
akasita kama aliyefikia mtaro gizani.
"Na kitandani... Juzi... Lakini ni mume wangu.
Mama anasema hiyo ni haki yake."

Sikumpa neno. Maneno ninayo,
yamepigwa chapa kwenye karatasi mbele yangu
kwa herufi nzito na namba za vifungu.
Nilimuuliza tu, "Ulitaka?"

Kijiko kikanyamaza.
"Sijawahi kuulizwa."
"Nakuuliza."
"Hapana," akasema, polepole,
kama anayejaribu kiatu cha dukani.
"Hapana."
Mara ya tatu alilitamka kwa nguvu
nikahofia ataamsha nyumba nzima.

Tukapanga. Zahanati kabla siku tatu hazijaisha.
Ile nguo asiifue, aitie kwenye mfuko wa karatasi.
Nauli aifiche katikati ya pedi.
Jirani wa kugongewa ukuta: yupo, Mama Akoth, hapendi maswali.
"Ukimaliza, futa namba hii."
"Nimeshaiweka kichwani, pamoja na zaburi."
Simu ikakatika.
Salio, au mlango.
Kazi hii haina kesho yake.

Nafula akanisogezea chai mpya.
"Wangapi?"
"Kumi na mmoja."
"Mimi tisa. Wa mwisho mwanamume, mzee wa kanisa.
Aliniomba radhi kwa kulia."

Sasa ni Novemba, Jumamosi, soko la Kangemi,
matope mpaka kwenye vifundo.
"Nikatie sukuma ya thelathini," nikasema.
"Ya thelathini peke yake, auuu?"
Ile *au* yake, ndefu kama kamba ya nguo.
Kisu kikaacha kukata.
Pengo mbele, upande wa kushoto.

Nilitaka kuuliza: ulifika?
Mbavu zilishika? Kitambulisho je?
Na yeye, yuko wapi?
Siri niliyoiapia ikasimama kooni kama mwiba wa samaki.
Nikahesabu sarafu ambazo nilikuwa nimeshazihesabu.

"Sauti yako," akasema. "Tumewahi kuonana?"
"Hatujaonana."
Na hiyo ni kweli tupu.

Akanitazama kitambo, mvua ikianza tena juu ya turubai.
Akashika shada la dania.
"Nikuongeze?"
Akangoja.
Akangoja kweli, mkono hewani,
mpaka niliposema ndiyo.