Kumi la Kukopa

Desemba, na upepo wa Punta Arenas
unataka kuingia darasani bila kubisha hodi.
Huko katikati ya mji wamefunga kamba kando ya njia,
watu wazima wenye vitambi wanazishika kwa mikono miwili,
ila wangu, wa darasa la pili,
kilo ishirini na mbili pamoja na begi,
wanafika nywele wima, wakicheka.

Siku tisa zimebaki.
Mtaala unasema tumemaliza.
Mtaala haujakutana na Ismael.

Ismael Oyarzún amejifunza kusoma saa, ila haiamini.
"Shangazi Yasna,"
(huku mwalimu huitwa shangazi,
hata kama hakuzaliwa na kaka, kama mimi)
"jana mshale ulisema saa nne usiku,
mama akasema lala,
na jua lilikuwa pale pale, juu ya paa la akina Kusanović,
limekaa tu. Nani mwongo?"
Nikamchorea dunia ilivyoinama.
Akanakili yote kwa mwandiko wa kuunga,
herufi zimeshikana mikono kama watoto wanaovuka barabara,
kisha chini kabisa, kwa herufi kubwa:
NADHANI NI SAA.

Rayén naye alipanda haragwe kwenye pamba mwezi wa Oktoba,
akawa analifukua kila asubuhi
kuona kama limeanza.
Ya wenzake yamefika kwenye kioo cha dirisha.
Lake limeota wiki hii, alipougua mafua
akakaa nyumbani siku nne.
Hakuna swali la mtihani juu ya jambo hilo.
Ningeliweka, ningelifeli mimi.

Lakini nilitaka kusema juu ya kutoa.

Arobaini na mbili, toa kumi na saba.
Mbili haiwezi kutoa saba, nikawaambia,
basi tunakwenda kwa jirani, tunakopa kumi.
Wakaitikia wote: tunakopa kumi!
Kukopa harusi, nyimbo tupu.
Matanga yalibaki kwa Widlène,
aliyekuja mwezi wa Machi kutoka Haiti
na maneno mawili ya lugha yetu,
"nipo" na "choo",
na ambaye hadi Juni hakuongeza la tatu.
Akanyoosha kidole.
"Na tunalirudisha lini?"
Lipi?
"Kumi la jirani."

Miaka kumi na tisa nafundisha hesabu hii.
Nikasema, halirudishwi, Widlène,
ndivyo ilivyo.
Akaniangalia anavyoangaliwa muuza duka
aliyepunguza chenji.

Alhamisi mama yake alikuja, koti halijafungwa vifungo.
Baba amepata kazi Antofagasta, kaskazini, jangwani,
basi ni kesho, samahani, shangazi, samahani,
kana kwamba mtoto alikuwa wangu
na yeye ndiye aliyemwazima.
Nikasema kule hakuna upepo kama huu.
Sijui kwa nini nilisema hivyo. Sijawahi kufika.

Ijumaa niliita majina.
Ishirini na tatu, toa moja.
Hapo hata hukopi, tatu inatosha,
ndiyo hesabu nyepesi kuliko zote za mwaka huu,
nami nilihesabu vichwa mara tatu
mpaka Ismael akasema, "Shangazi, tuko ishirini na mbili,"
taratibu, kama mtu anayemshika mwenzake mkono.

Walipotoka kucheza nikaona juu ya meza yangu
fungu la vijiti lililofungwa kwa mpira,
vile vya kujifunzia makumi na mamoja.
Nilimpa Machi, apeleke nyumbani, akazoee namba.
Nilikuwa nimesahau.
Karatasi, mwandiko wa kuunga, umepanda mlima kidogo:
*Hili hapa kumi.*

Nikavihesabu, ndiyo kazi yangu.
Tisa vya shule, vya buluu.
Cha kumi ni njiti ya kiberiti,
kichwa chake kimekwanguliwa vizuri
kisije kikatuunguza.